Wa Tano Tuko Wanne

Umeme ulikatika mara ya tatu siku ile, na muuza nyama akajua kwamba hiyo si bahati mbaya. Kila mashine za gemu zilipowashwa zote ghorofani, friza yake chini ilizimika. Akaliacha paja la ng'ombe likining'inia kwenye kulabu, akapanda ngazi bila kuvua aproni wala kuweka kisu chini.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, mpana wa mabega, mwenye mikono ambayo wanaume wa sokoni waliitazama kwanza kabla ya kubishana naye bei. Bucha aliirithi kwa baba yake. Kaka yake mkubwa alipewa nyumba, yeye akapewa gogo, mizani na visu vinne, na watu wakasema ataviuza kabla mwezi haujaisha. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita tangu waseme hivyo. Mtaani walimwita Bucha, kana kwamba yeye na duka ni kitu kimoja.

Kule juu kulikuwa na chumba kirefu, madirisha yamezibwa kwa maboksi ili mwanga usipige kwenye skrini. Mashine sita, viti vya plastiki, vijana kama ishirini. Alipotokea mlangoni na kisu chake na aproni yenye damu, chumba kizima kilikufa ganzi. Kijana mmoja aliweka rimoti sakafuni taratibu, akainua mikono.

"Nani mwenye umeme huu?"

Mwenye ukumbi, mwalimu wa hesabu aliyestaafu ambaye kila mtu bado alimwita Mwalimu, alianza kuinuka. Lakini kijana wa mashine ya mbele akamwahi. Huyo alikuwa fundi simu, bingwa wa pale, na walimwita Daktari kwa sababu kila mgeni alipitia kwake kupewa dozi.

"Shangazi, hapa kuna utaratibu," alisema bila hata kugeuza shingo. "Anayeshinda ndiye anayeongea. Karibu kiti."

"Wewe, acha utani na mtu mzima," Mwalimu akamkemea.

Lakini Bucha alikuwa ameshaketi. Alisukuma kisu chini ya kiti, akajifuta mikono, akapokea rimoti. Kwenye skrini zilijipanga sura za wapiganaji, wenye panga, wenye moto, wenye mabawa. Akamchagua jimama mmoja aliyeitwa Nyundo, kwa sababu tu mikono yake ilifanana na ya kwake.

Raundi ya kwanza ilichukua sekunde tisa. Ya pili ilichukua kumi na moja, nayo ni kwa sababu Daktari alisimama katikati ya pigano akakuna sikio. Nyundo alirushwa hewani, akapigwa huko huko hewani, akaangushwa, akapigwa tena kabla hajainuka. Chumba kilipasuka kwa kicheko.

"Pole, Shangazi," Daktari alisema. "Huyu si mbuzi. Hafungwi miguu."

Mwalimu alimsindikiza hadi chini akiomba radhi, na jioni ile ile akamleta fundi atenganishe nyaya. Friza haikuzimika tena. Kwa mtu mwingine habari ingeishia hapo.

Kesho yake saa kumi na nusu, bucha ikiwa imefungwa na gogo limesuguliwa kwa chumvi, alipanda ngazi tena. Safari hii hakuwa na aproni.

"Dada, umeme si nimeshautengeneza?" Mwalimu alishtuka.

"Sikuja kwa umeme," alisema. "Nani yuko huru?"

Wiki ile alifungwa na kila mtu. Alifungwa na wanafunzi, akafungwa na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, akafungwa na mchonga mihuri aliyekuwa ameingia tu kujikinga mvua na ambaye alimuuliza kwanza kitufe cha kupiga ni kipi. Alibonyeza kama anayetwanga. Vidole vilimvimba, asubuhi akawa anashika kisu kwa kukunja uso. Wateja nao wakapata habari, maana habari mbaya haina miguu lakini hufika mapema. "Nipe kilo mbili," walimwambia, "ila usinipige."

Ushauri aliupata bure na kwa wingi, na wote ulikuwa mmoja: mwache Nyundo.

"Yule ni wa wazoefu, Shangazi," kinyozi alimweleza kwa huruma. "Mzito mno. Mgeni anachukua yule mwenye upanga. Ukibonyeza ovyo ovyo tu, anajipigania mwenyewe."

"Akijipigania mwenyewe, mimi nitakuwa nafanya nini?"

Nyundo akabaki.

Mwisho wa wiki ya pili Mwalimu alivuta kiti karibu naye. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kufuta miwani kabla ya kusema jambo.

"Wiki ijayo usipige," alisema.

"Nisipige?"

"Hata ngumi moja. Kinga tu."

"Nilipie kiti ili nipigwe?"

"Dada, tangu uje unalipia kupigwa. Sasa lipia kuona."

Alimtazama kwa jicho ambalo sokoni lilitosha kushusha bei. Mwalimu akarudisha miwani usoni, akaenda zake.

Siku mbili alimpuuza. Ya tatu akajaribu, shingo upande. Akakaa mbele ya Daktari, akaikunja mikono ya Nyundo mbele ya uso, akatulia. Daktari alifurahi kama aliyepewa ngoma apige. Lakini pole pole mambo yakaanza kujitenga. Kumbe ile mvua ya mapigo haikuwa mvua. Kulikuwa na teke la chini, na hilo lilihitaji ainame. Kulikuwa na pigo la kutoka juu, na hilo alisimama. Kulikuwa na mkono uliokuja kumkamata, na hapo kukinga hakukusaidia kitu, ilibidi ajinasue upesi. Alikufa mara thelathini wiki ile, lakini alikufa macho yakiwa wazi.

Siku ya tano aliona jambo. Kila Daktari aliporusha lile teke lake kubwa na Nyundo akalikinga, mguu ulibaki unaelea kidogo kabla ya kurudi. Kidogo sana, kama kupepesa jicho. Bucha aliinama mbele kwenye kiti. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa na baba yake kwamba kisu hakigombani na mfupa, kinatafuta kiungo. Na kile pale kilikuwa kiungo.

Teke likaja. Akakinga. Akapiga ngumi moja.

Ilimpata. Uhai wa Daktari ulipungua kwa kipande kisichozidi ukucha, na raundi ile alishinda kama kawaida. Lakini aligeuza shingo kumtazama, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Si wiki hii hupigi?"

"Nimeghairi," alisema Bucha.

Baada ya hapo alipanda haraka, kisha akakwama. Ngumi moja iligeuka ngumi mbili, mbili zikawa tatu zinazofuatana, ambazo alizifanyia mazoezi peke yake nusu saa kila siku kabla ya kumkabili mtu, upande wa kushoto mara hamsini, upande wa kulia mara hamsini. Alimfunga kinyozi. Akawafunga wanafunzi, nao wakaacha kugombania kukaa naye. Mchonga mihuri hakurudi tena hata mvua iliponyesha. Ila Daktari alishindikana. Mwezi wa pili ukaisha, wa tatu ukaingia, na Daktari alimfunga kwa namna ile ile, kana kwamba anajua kila kitu dakika moja kabla.

Siku moja alimfunga mara saba mfululizo. Baada ya ya saba Bucha aliipigiza rimoti sakafuni, ikapasuka, betri zikabingirika hadi mlangoni. Hakuna aliyecheka.

"Nenda nyumbani," Mwalimu alimwambia. "Kesho uje mapema, kabla watu hawajajaa."

Kesho yake alikuja na rimoti mpya mfukoni na uso wa kutaka ugomvi. Mwalimu hakutaja rimoti. Alimwonyesha mechi ya jana, maana mashine ilikuwa inazihifadhi.

"Nihesabie, unaruka mara ngapi."

Alihesabu. Katika mechi moja tu, Nyundo aliruka mara kumi na saba. Mara kumi na nne alipigwa akiwa hewani.

"Sasa tazama tena. Kabla hujaruka, kinatokea nini?"

Alitazama. Mara ya tatu ndipo alipoelewa. Kila aliposukumwa nyuma, kila mapigo mawili yalipompata kwa pamoja, Nyundo alipaa juu. Si kwa mpango. Alipaa kama kuku aliyekanyagiwa mkia.

"Unaogopa," Mwalimu alisema kwa upole. "Ukiogopa unaruka. Kijana anakusubiri kule juu, anajua lazima upite."

Tangu aanze kushika kisu hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo. Aliwahi kumfukuza mwizi barabara nzima. Aliwahi kumwambia mkaguzi wa afya, mbele ya watu, kwamba mikono michafu ni yake yeye mkaguzi. Alivuta kiti karibu na skrini.

"Rudisha mwanzo," alisema. "Nione tena."

Wiki iliyofuata hakuruka. Ilikuwa ngumu kuliko vyote alivyowahi kujifunza, kwa sababu hakuna kitufe cha kutofanya kitu. Kidole gumba kilitaka kupanda chenyewe. Alikibandika plasta, si kwa kidonda, bali akiigusa akumbuke. Alipigwa akiwa chini, akabaki chini, akakinga, akasubiri mguu uelee.

Ndipo kaka yake alipokuja dukani.

Alikuja saa nane, wateja wakiwa wamepungua, akafuta kigoda kwa leso kabla ya kukalia. Alikuwa karani mkuu katika ofisi yenye mazulia, mtu wa kunyoosha suruali kwa pasi. Ugomvi wao siku zote ulifuata njia moja: yeye anaanza kuongea, dada anamkata neno la pili, sauti zinapanda, kaka anaondoka amekasirika na kwenda kuwaambia shangazi na wajomba jinsi alivyotukanwa.

"Mdogo wangu," alianza, "watu wanasema."

Bucha alihisi neno likimpanda kooni. Akaendelea kukata mbavu, akalimeza.

Kaka akasema wanasema unashinda na watoto. Akasema mwanamke mwenye heshima zake. Akasema jina la marehemu baba. Akasema wajomba wameulizia kama kichwa kiko sawa, na kwamba Jumapili kutakuwa na kikao. Akangoja akatwe. Hakukatwa. Akasema tena yale ya watoto, kwa maneno mengine, kisha tena yale ya heshima. Kisha akawa hana la kusema, akabaki anatazama nzi.

"Umemaliza, kaka?"

"Nimemaliza."

"Baba alicheza drafti pale nyuma ya friza miaka thelathini. Wateja walikuwa wanasubiri aue kete ndipo awakatie nyama. Uliitisha kikao?"

"Baba ni baba. Tena ile ilikuwa—"

"Tena hakuwa anajua. Fundi viatu alimfunga mpaka anaingia kaburini, na sisi wote tulisema mzee anapumzisha akili. Mimi najifunza kitu, naambiwa nimerukwa na akili." Aliweka mbavu kwenye mizani. "Jumamosi kuna mashindano pale juu. Nimejiandikisha. Kikao chenu kifanyeni tu, ila kiti changu kitakuwa kitupu. Chukua hizi, mpelekee shemeji."

Kaka alichukua mbavu. Hakupata la kwenda kuwasimulia wajomba, maana hakutukanwa.

Jumamosi walikuja wachezaji thelathini na wawili, kutoka mitaa ambayo Bucha aliijua kwa majina tu. Aliyeshindwa mara moja alikuwa ametoka. Kila pambano lilikuwa la kutangulia kushinda michezo miwili. Duka moja la magodoro lilikuwa limetoa zawadi, na mtangazaji wao, kijana mwenye kipaza sauti na shati la kung'aa, alipoliona jina la Bucha kwenye orodha alishangilia peke yake. "Leo tuna mama yetu hapa! Mpigieni makofi!" Watu wakapiga makofi. Bucha hakuona alichokifanya hata apigiwe makofi.

Mpinzani wa kwanza, kijana mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba, alitabasamu alipoonyeshwa anayecheza naye. Tabasamu lilidumu hadi teke lake la pili. Mpinzani wa pili alikuwa msichana mwenye mikono myepesi, hatari kweli, na mchezo wao wa tatu uliisha Nyundo akiwa amebakiwa na uhai kama uzi. Walipeana mikono. Ya msichana ilikuwa imelowa jasho, na ya Bucha pia.

Wakabaki wanane. Akapangiwa Daktari.

Chumba kilijaa hadi kwenye ngazi. Bucha alimwona kaka yake karibu na mlango, amevaa koti la ofisini, amejibana ukutani kama anayeogopa kuchafuka. Hakuwa na nafasi ya kumfikiria.

Mchezo wa kwanza Daktari alianza kama alivyoanza siku zote, kwa mvua. Nyundo akakunja mikono. Teke kubwa likaja, mguu ukaelea, ngumi tatu zikaingia. Daktari akaruka ili aje kwa juu, na Nyundo, ambaye sasa alikuwa chini akimsubiri, akamdaka kwa kiganja akamshusha sakafuni. Vivyo hivyo mara ya pili. Mara ya tatu mchezo ukaisha, na kelele zilizopigwa zilishuka hadi barabarani.

Daktari alipangusa viganja kwenye suruali. Safari hii hakukuna sikio.

Mchezo wa pili hakusogea karibu. Alikaa mbali akirusha moto, akirudi nyuma, akirusha tena. Nyundo alitembea, akakinga, akatembea. Kila alipokaribia, Daktari alikuwa ameshateleza kwenda upande wa pili. Muda uliisha kabla hajafikiwa, na aliyebakiwa na uhai mwingi alikuwa Daktari.

Mchezo wa tatu Bucha alimbana kwenye kona. Wote wawili walikuwa wamebakiwa na pigo moja. Alijua kijana atakinga, na anayekinga hukamatwa, basi akanyoosha mkono amkamate. Mkono ulishika hewa. Daktari alikuwa juu. Aliruka yeye, akashuka na teke, na Nyundo akalala.

Bucha aliweka rimoti mezani. Alikuwa amekisia vibaya mara moja, na hapo ndipo tofauti ilipokuwa, si mahali pengine. Alisimama, akampa Daktari mkono, akaenda kuegemea ukuta kutazama yaliyobaki. Daktari alishinda wote wawili waliofuata, akachukua kombe.

Ndipo mtangazaji alipopandisha sauti.

"Na sasa, zawadi ya pekee! Zawadi ya moyo! Kwa mama yetu, ambaye katika umri wake amekubali kuja kucheza na vijana wake!" Wawili wakaleta blanketi nene, jekundu, limefungwa kwa utepe.

Watu walisimama wakapiga makofi. Bucha alisogea mbele. Alilitazama blanketi, akamtazama kijana mwenye shati la kung'aa.

"Mimi nimekuwa wa ngapi?" aliuliza.

"Wewe? Wewe ni mshindi wetu wa moyo!"

"Nimeuliza wa ngapi."

Mtangazaji akageukia karatasi. "Umetolewa kwenye wanane... Nafasi ya tano, Mama."

"Wa tano tuko wanne," alisema Bucha. "Tulitolewa pamoja hatua moja. Yule pale, na yule mwenye kofia, na yule anayekunywa soda. Nao wana mablanketi?"

Makofi yalikuwa yamekufa. Mtangazaji alicheka kidogo, akasogeza kipaza sauti pembeni. "Mama, asiyekubali kushindwa si mshindani. Chukua tu."

"Kushindwa nimekubali. Nimempa Daktari mkono kila mtu akiona. Ninachokataa ni kubembelezwa." Sauti yake haikupanda, ilikuwa ile ile ya kutaja uzito kwenye mizani. "Miezi minne nimekaa kwenye kile kiti. Kijana wa miaka ishirini akitolewa na Daktari, mnamwambia akafanye mazoezi. Mimi mnanifunika blanketi. Basi niambieni na mimi nikafanye mazoezi."

Kaka yake pale mlangoni alikuwa anamfanyia ishara kwa nyusi: chukua, yaishe. Hakuchukua.

Yule anayekunywa soda ndiye aliyesema. "Shangazi, kafanye mazoezi," alitamka kwa sauti ya kutetemeka, nusu akiogopa.

"Asante, mwanangu," alisema Bucha. "Na wewe pia."

Hapo ndipo watu walipocheka, na hakikuwa kicheko kile cha sekunde tisa. Mtangazaji alibaki na blanketi mikononi kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake.

Kaka alimsubiri kwenye ngazi. Walishuka pamoja hadi mbele ya bucha.

"Lilikuwa blanketi zuri," kaka alisema.

"Kama una baridi, rudi ukachukue."

Kaka akajizuia, kisha mabega yakaanza kumcheza. Ilikuwa miaka tangu wacheke pamoja mbele ya duka lile. "Jumapili nitawaambia wajomba una kazi nyingi," alisema. "Ila yule kijana, ule moto wake, kwa nini humfuati?"

"Namfuata. Nyundo ni mzito."

"Basi si ubadilishe huyo Nyundo?"

"Kaka, nenda nyumbani."

Jumatatu saa kumi na nusu alipanda ngazi. Daktari alikuwa ameshafika, ameketi mashine ya mbele, na kiti cha pili hakikuwa na mtu ingawa foleni ilikuwa ndefu. Kilikuwa kimewekwa kwa ajili yake. Bucha akaketi, akamchagua Nyundo.

Alifungwa mchezo wa kwanza, kwa moto ule ule. Alifungwa wa pili, ila alikaribia zaidi. Wa tatu aligundua kwamba kabla ya kurusha moto kijana hurudi hatua moja, hatua moja tu, na kwamba hatua ile ni nafasi ya kutembea bila kukinga. Akatembea. Nyundo akafika. Daktari akaingia kwenye kona, na safari hii Bucha hakunyoosha mkono kumkamata. Alisubiri apae, akamdaka.

Mchezo ukaisha, Bucha ameshinda. Vijana wote walikuwa wanamtazama Daktari.

Akavuta kiti mbele, akakaa wima.

"Tena," alisema.